Kazi ya kikundi hupimwa kwenye maungio

Mwaka 2010, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walipewa kazi ya darasani iliyohusu uhai wa watoto. Katika hospitali nyingi za Afrika, mtoto njiti anayehangaika kupumua alikuwa akiwekewa oksijeni puani na basi. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa shinikizo hadi mapafuni, iliweza kugharimu dola 6,000. Wanafunzi wale wakaja na pampu mbili za tangi la samaki, zimefungwa ndani ya sanduku la plastiki la kuhifadhia viatu. Sanduku hilo ndilo lililozaa kifaa kiitwacho Pumani, kilichofanyiwa majaribio katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi.

Wengi hukisifu kisa hiki kwa unafuu wa bei. Mimi nasomea uhandisi na kila muhula una kazi zake za vikundi, kwa hiyo nakitazama kwa jicho jingine. Kifaa kile hakitengenezeki na watu waliogawana vipande kisha kila mmoja akashika njia yake. Ili kuona sababu, inabidi tukifungue.

Mapafu ya njiti hayana ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visinywee. Kila mtoto anapotoa pumzi, vifuko hujifunga, na pumzi inayofuata inamlazimu avifungue upya kwa nguvu alizonazo, ambazo ni chache. Oksijeni peke yake haiwezi kuvishikilia. Kinachotakiwa ni shinikizo dogo lisilokatika. Pampu huvuta hewa ya chumbani, hewa huchanganywa na oksijeni kwa kipimo, mchanganyiko hupita kwenye mrija hadi vijimirija viwili vya puani, na mrija wa kutokea huishia ndani ya chupa ya maji. Kina cha mrija huo majini ndicho kinachopanga shinikizo. Ukiuzamisha sentimita 6, umeweka shinikizo la sentimita 6 za maji, bila geji ghali wala kompyuta. Mapovu yanayotokota chupani humjulisha muuguzi kwamba hewa inapita na shinikizo lipo. Yakikoma, ama kuna mahali panapovuja, ama mtiririko umepungua.

Sasa tuchukue kikundi cha watu watano. Anayependa umeme apewe pampu, wa pili mirija, wa tatu chupa, wa nne vijimirija vya puani, wa tano aandike ripoti. Ndivyo tunavyogawana vyuoni, na kila mtu huona ametendewa haki. Lakini vijimirija vya puani vikilegea kidogo, hewa inavujia usoni mwa mtoto, na mapovu yanakoma ingawa chupa haina kasoro yoyote. Mwenye pampu ataambiwa aongeze mtiririko. Akiongeza, mrija wa kutokea ambao mwenzake aliuchagua mwembamba unaibana hewa, na shinikizo la puani linapanda kupita lile linalosomeka chupani. Waulize mmoja mmoja: kila sehemu ni nzima na imepimwa. Tatizo liko katikati ya sehemu na sehemu, mahali ambapo hakuna aliyeandikwa jina.

Hapo ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapokwamia, na mara nyingi tunalaumu tabia. Tunasema fulani mvivu, fulani mjuaji, fulani hapokei simu. Wavivu wapo, sikatai. Hata hivyo nimeona vikundi vya watu wachapakazi, wanaopendana, vikishindwa vilevile, kwa sababu kazi ya kuunganisha iliachwa hadi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Kikundi chetu kilipotengeneza kikaushio cha dagaa cha nguvu ya jua, tulianza na karatasi moja kabla ya kugusa msumeno. Tuliiita karatasi ya maungio. Kila mahali kazi ya mtu inapokutana na ya mwenzake tuliandika kinachovuka pale, kipimo chake, na majina mawili, kamwe si moja. Kati ya paneli na feni: volti 12. Kati ya feni na chanja: kasi ya hewa inayotakiwa, na nafasi kati ya chanja moja na nyingine. Mwenye feni hakuruhusiwa kusema amemaliza mpaka mwenye chanja apime naye, tena chanja zikiwa zimejaa dagaa wabichi. Feni inayovuma vizuri juu ya meza hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hewa inapolazimika kupenya kwenye samaki waliorundikana. Mabishano tuliyoyafanya juu ya karatasi ile yalikuwa makali, ila yalikuja mapema, wakati kubadili kipimo kulihitaji kalamu tu.

Sanduku la viatu nalo nalisoma hivyo. Pampu za dukani ziliwezesha mfano mzima kusimama upesi, hewa ikapita kutoka mwanzo hadi mwisho wakati kila kitu kingali rahisi kubadilishwa. Kikundi kinachotaka kila kipande kikamilike kwanza ndipo kiunganishwe kinajinyima nafasi hiyo.

Kisha lipo ungio la mwisho, kati ya kifaa na hospitali itakayokitumia. Makala ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2013, ambayo mwandishi wake wa kwanza, Jocelyn Brown, alikuwa mmoja wa wanafunzi wale, ina majina ya wahandisi wa Houston pamoja na madaktari wa Blantyre. Inaeleza kwamba sehemu za kuundia kifaa wakati huo ziligharimu kiasi cha dola 350, na kilichohitaji kubadilishwa ni kiwambo cha pampu cha chini ya dola 1, takribani kila baada ya miaka miwili. Takwimu ya namna hiyo haitokei kwenye kikundi kisichojiuliza nani atakitengeneza kifaa kikiharibika, na kwa fedha gani.

Matokeo ya Blantyre yalitoka mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga 62 waliopewa CPAP hii, asilimia 71 walipona. Kati ya 25 waliopewa oksijeni ya puani peke yake, asilimia 44. Watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tofauti hiyo isomwe kwa uangalifu. Lakini ni watoto halisi, na ni kifaa kilichoanzia darasani.

Nikirudi kwenye kazi zetu za vikundi, kinachonisumbua ni namna tunavyosahihishwa. Mhadhiri anapotoa alama kwa sura ya ripoti ya kila mmoja, anatufundisha kulinda sura zetu. Anapotoa alama moja kwa wote, mtegeaji anapita bila kuguswa. Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji vifaa wala fedha. Siku ya kuwasilisha, mwenye pampu aulizwe habari za chupa, mwenye chupa aeleze kwa nini mrija una kipenyo kile, na daftari la majaribio waliyoyafanya pamoja liwekwe mezani na tarehe zake. Alama za ushirikiano zitolewe hapo.