Kabla ya Kuihukumu Betri

"Mzee, betri imekufa," nilimwambia.

Fundi alikuwa ameitikia shikamoo yangu na sasa anafuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa oili. Akaniuliza: "Jana gari ulilizima wapi? Na leo ulipopiga stata, lililia vipi?"

Ilikuwa asubuhi, Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, maduka ya spea ndiyo kwanza yanafunguliwa. Vijana wanne walikuwa wamenisukumia gari kutoka Mtaa wa Msimbazi. Ndani ya miezi minane nilikuwa nimeshanunua betri mbili. Aliyeniuzia ya pili hakufungua hata boneti. Nilisema gari haliwaki, akanyoosha mkono kwenye rafu. Kwa huyu mzee nilikwenda nikiwa nimejiandaa kununua ya tatu.

Kwake mlio una maana. Stata ikizunguka kwa uzito, kama mchukuzi anayepanda ngazi na gunia la mchele, huenda chaji imepungua au stata yenyewe imechoka. Ikilia tk-tk-tk mfululizo, moto unafika lakini hautoshi. Ikilia tk moja huku taa zinang'aa vilevile, anaitilia shaka stata. Pakiwa kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazionekani, anashika terminali kwa vidole na kuitikisa kabla hajagusa chombo chochote. Yote haya anayauliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake. Katika ufundi wake wote, hapo ndipo ninapomvulia kofia: anasikiliza kwanza.

Ndipo akachukua mita. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ina volti 2 na kidogo. Iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Yangu ilisoma 12.5. Fundi mwenye haraka angeishia hapo, lakini betri mbovu nayo yaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka inapobebeshwa mzigo. Akaniambia nipige stata, macho yake kwenye mita. Ingeshuka chini ya 9.6, betri ingekuwa na kesi ya kujibu. Ilishuka kidogo tu, ikakaa 11.8, na stata ikalia tk.

Alichofanya baada ya hapo sijakisahau. Alishika ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri, upande wa hasi, ncha ya pili akaiweka juu ya terminali iliyokivaa kichwa hichohicho. Vitu viwili vinavyogusana! Nilidhani amekosea.

"Piga."

Nikapiga. Mita ikasoma volti 3. Hapo ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Umeme uliotakiwa kuizungusha stata ulikuwa unaishia njiani, kwenye upenyo ambao hata karatasi haipiti.

Akachukua spana namba 10, akaanza kufungua hasi. Kuna sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, inapiga shoti, na gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri inaweza kulipuka usoni. Ndani ya terminali kulikuwa na utando wa kijivu, kama majivu ya sigara. Maji ya moto, msasa, akakausha, akafunga, akapaka grisi. Gari likawaka kwa mpigo mmoja. Hakupokea pesa papo hapo. Alipima tena injini ikinguruma, akaona 14.1, akajua altaneta inachaji. Ndipo akataja bei yake, ambayo haikufika hata robo ya bei ya betri.

Sisemi betri hazifi. Dar inaziua mapema, kwa sababu joto hukausha maji yake na kula plati zake, na foleni nayo ina mchango: injini inanguruma polepole, altaneta inatoa kidogo, huku kiyoyozi, taa na redio vikidai vyao. Zile betri za maji mzee anazipima seli moja moja kwa bomba la kioo lenye boya ndani. Asidi ya seli iliyojaa husoma karibu 1.265. Seli moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa 0.050, ndipo anatikisa kichwa na kusema hii imekwenda. Ananiridhisha hata anapotoa hukumu ya kifo, maana ushahidi ninauona kwa macho yangu.

Betri yenyewe ni chombo cha zamani. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi mwaka 1859, na hadi leo ni risasi na asidi ileile. Risasi hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya. Betri ikihukumiwa kimakosa, hasara haiishii mfukoni mwangu. Inauzwa chakavu na risasi yake inakwenda kuyeyushwa mahali fulani. Owino Uhuru, Mombasa, watu walijua maana yake: kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu, watoto kwa wakubwa. Phyllis Omido alipigania haki yao, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Betri yangu ya kwanza niliitoa kwa bei ya chakavu. Sasa naamini haikuwa na kosa.

Basi siku gari likigoma, usiende Gerezani kusema "niuzie betri." Mweleze fundi lililala wapi, siku ngapi, na lililia vipi. Kisha mwachie nafasi apime.