Mkonga Umekua, Moyo Je?

Tunapoongea juu ya masimulizi ya wazee, tunafikiri mara moja moto, usiku, na nyanya aliyezungukwa na wajukuu. Leo, hapa Bunia, hadithi ya Sungura na Tembo inamfikia mtoto mara nyingi kwa njia ya tele ao telefone ya mzazi. Si vibaya. Lakini yafaa tuichunguze vile tunavyochunguza vitabu vya masomo.

Tuchukue Tinga Tinga Tales, katuni iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Ilichorwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa kufuata rangi na madoa ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972. Iko na vipindi 52, kila kimoja dakika 11 hivi. Sisi tunaipenda kweli: wanyama ni wa kwetu, nyimbo zinachezesha watoto, na kazi ya vijana wa Nairobi ni safi.

Na kwa sababu tunaipenda, inatuchosha. Kila kipindi kinajibu swali moja: sababu gani Tembo ana mkonga, sababu gani Kiboko hana nywele, sababu gani gamba la Kobe limepasuka. Mnyama anafanya kiburi ao ujanja, anapata somo, mwili wake unageuka. Vizuri. Lakini kesho yake? Mwenye kiburi anarudi na kiburi chake, mjanja na ujanja wake. Aliyekosewa hakumbuki, aliyekosa hadaiwi kitu. Alama inabaki juu ya ngozi, ndani hakuna kitu kimebadilika.

Mtu atatuambia: hata wanyama wa wazee hawakui! Ni kweli. Jirani zetu Wazande, huko Uele, wana Ture, yule mjanja ambaye Evans-Pritchard alikusanya hadithi zake katika kitabu cha mwaka 1967. Ture anaiga mambo asiyoyaweza, anaumia, na usiku mwingine anaanza tena. Lakini hadithi ya kando ya moto haikuwa peke yake. Msimulizi alijua nani leo ameiba karanga, nani amepigana na ndugu yake. Alipofika mahali pa kosa la Ture ao la Sungura, aliweza kumwangalia huyo mtoto, hata bila kutaja jina lake. Mjanja alibaki vile vile. Aliyepaswa kukua ni msikilizaji. Tele haina macho ya kumwangalia mtoto. Basi kazi ile ya nyanya lazima ifanywe na hadithi yenyewe, na hapo ndipo katuni hii inapungukiwa. Tumbili mwekundu anayesimulia anawajua wanyama wote, ingetosha aseme mara moja, «mnakumbuka vile Kiboko alifanya siku ile?»

Kwetu Ituri neno hili si mchezo. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu fujo zilizoanza Djugu mwisho wa 2017, watu wameombwa mara nyingi kusameheana na kukaa tena kijiji kimoja. Mtoto anayekua hapa anahitaji kuona mkosaji anayeomba samahani leo, na kesho anashikilia neno lake mbele ya wale aliowaumiza. Anahitaji pia kuona jirani anayekumbuka na bado anampa nafasi. Samahani inayosahauliwa kabla ya kipindi kingine haimfundishi hata moja kati ya hayo.

Hatusemi tele izimwe. Tunasema mzazi akae karibu, na kipindi kikiisha aulize: «Je, unafikiri kesho Tembo atafanya nini?» Na vijana wetu wanaojua kuchora, hadithi za Waalur, Walendu, Wahema, Wabira na Wambuti bado ziko vinywani mwa wazee. Wakizichora, wampe mnyama mkonga, ndiyo, lakini wampe na kesho yake.