Swali Lililochekwa

Mwalimu mtarajiwa, awe Chuo cha Ualimu Mpuguso nje ya mji wa Tukuyu au kwingineko, hujifunza kuandaa somo, kutunza kipindi na kutunga mtihani. Upo ufundi mwingine ambao vyuo vingi huuachia wiki za mwisho: kuchukua swali dogo na kulipima hadi litoe jibu. Nadai ufundi huo humnufaisha mwanafunzi, na mkufunzi wake vilevile, pengine zaidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friji maziwa ya aiskrimu yangali moto, yakaganda kabla ya mchanganyiko wa baridi wa mwenzake. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alirudia swali hilo kwa mgeni, Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, ila aliporudi maabara aliagiza jambo lipimwe. Mwaka 1969 makala ikatoka kwa majina yao wote wawili. Msomi yule alikwenda Iringa kutoa mhadhara. Akaondoka na kazi ya kufanya. Atakayenikumbusha kuwa mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wasilione ajabu hilo, hajanipinga: nusu karne baadaye swali la kijana wa sekondari lilikuwa bado linatoa watu jasho maabara.

Watasema vyuo havina vifaa. Lakini wilaya ya Rungwe, ulipo mji wa Tukuyu, haina uhaba wa mvua. Sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kopo la kukinga maji, rula na daftari la mahudhurio vinatosha kuchunguza kama watoto hukosa shule kwa sababu ya mvua ya asubuhi au siku ya gulio. Hata kipunji, kima wa Mlima Rungwe aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, alianza kufuatiliwa kwa sababu watafiti waliwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa. Pingamizi zito ni la ripoti za utafiti zinazonakiliwa kutoka kwa waliotangulia. Ni kweli zipo. Ila inayonakilika kirahisi ni ile ambayo mkufunzi hakuiona tangu ilipokuwa swali tu. Vipimo vya kila wiki, vyenye mikato na matone ya mvua, hunakiliwa kwa taabu kuliko kuvichukua. Basi mkufunzi, ukiletewa ripoti iliyochapwa vizuri, iweke kando kwanza, uombe daftari.