"Dawa mbadala" ya kwenye kontra inalipa munganga gani?

Kama ulipata kazi ya kwanza mwaka huu, unajua ile siku: unasaini kontra, halafu wanakupa karatasi tatu za asiransi ya afya, "chagua moja". Tangu sheria ya asiransi ya 2015 iondoe ukiritimba wa SONAS, kampuni za watu binafsi zimeingia, na kila moja iko na maneno yake matamu.

Mdogo wangu alinileteya zake hapa Bukavu. Moja ilikuwa ghali kupita zingine, na ukurasa wa mbele ulisema kwa herufi kubwa kwamba inalipa pia dawa mbadala. Akafurahi: "Yaya, hii njo ya kwetu." Alikuwa anawaza yule mzee wa mifupa wa Kadutu, mwenye alimnyoosha mkono akiwa mtoto.

Mimi nilianzia kurasa za nyuma. Dawa mbadala, kufuatana na ile kontra, ni mambo matatu: sindano za Kichina, kunyoosha mgongo na viungo, na homeopatia. Yafanywe na daktari mwenye ameandikishwa, kwa ordonansi ya daktari mwingine, na kampuni ikubali mbele. Nani kati yetu amekwisha kuona mtu wa namna hiyo kati ya Kadutu na Bagira? Ile karatasi iliandikwa kwa maisha ya Brussels, wakabadilisha bei tu.

Tena hilo neno "mbadala" lenyewe linanisumbua. Kwa familia nyingi munganga wa kienyeji njo mlango wa kwanza: iko karibu na anakubali deni. Hata tangazo la Alma-Ata la 1978 liliwataja waganga hao kati ya watu wa kazi ya afya, mahali wanapohitajika.

Lakini tusijidanganye pia. Kampuni iko na sababu ya kuogopa. Mzee wa Kadutu hatoi fakitire, hana bei moja, haandiki ugonjwa. Na mti si dawa kila mara. Tu Youyou alipata Nobel 2015 kwa dawa ya malaria yenye ilitoka kwenye artemisia, ni kweli. Lakini OMS ilisema 2019 kwamba haiungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani yale, sababu kipimo cha dawa ndani yake hakieleweki. Asiransi yenye kulipa ile chai inaweza kulipa tena kesho yake, damu ya kumuongezea mtoto.

Kwa hiyo kukataa kulipa mzee, naweza kuelewa. Chenye sikuelewa kiko mbele kidogo, kwa maandishi madogo: kampuni hailipi "matokeo ya matibabu yaliyofanywa na mtu asiye na ruhusa". Soma tena pole pole. Hawalipi munganga, sawa. Lakini ukitoka kwake umeharibika, hawalipi hospitali pia. Na ni ileile karatasi yenye kuchora majani ya kijani mbele!

Jirani yetu mmoja alivunjika mguu kwa moto. Walimfunga mianzi, wakakaza sana, damu haikupita, mguu ukaoza. Familia iliuza kiwanja ili akatwe. Angekuwa na hii asiransi ya ghali, kiwanja kingeuzwa vilevile.

Kwa hiyo, wewe mwenye unachagua, achana na ukurasa wa mbele. Uliza kwa maandishi: nikifika hospitali nimechelewa, nimepitia kwa munganga wa kienyeji, mutanilipia? Uliza pia kama dawa ya miti yenye kuuzwa farmasi, yenye kipimo chake, iko kwenye liste yao. Kwenye mutueli ya afya mambo ni mengine kidogo: kotizasio ni ndogo, hospitali ni chache, lakini kuna mkutano wa wanamemba, na kule unaweza kusimama ukapinga kifungu kama hiki. Na kampuni unasaini tu.

Mdogo wangu aliandikia kampuni lile swali la kwanza. Walimjibu kwa simu kwamba "kila kesi inaangaliwa peke yake". Akaomba waandike hilo kwenye karatasi, na sahihi. Wiki tatu sasa, hakuna karatasi. Amesaini ya bei ya katikati, yenye haina majani wala kile kifungu.