Wiki tatu na Criterion Channel

Ndugu zangu, nimechelewa, nakiri. Criterion Channel ilifunguliwa tarehe 8 Aprili 2019 na mimi nimejiunga majira haya ya baridi, tena kwa sababu ya mgeni. Mama alikuja kutoka Mombasa kunitembelea kwa wiki tatu. Nje theluji imefunga mlango, na runinga yangu haina cha kumtazamisha mtu wa miaka 78 isipokuwa mapishi na hali ya hewa. Basi nikalipa.

Kwa asiyeijua, kampuni ya Criterion ilianza 1984 kwa kuuza filamu kwenye sahani za leza. Za kwanza zilikuwa Citizen Kane na King Kong, na hiyo King Kong ndiyo iliyoleta ule mtindo wa mtaalamu kuzungumza juu ya filamu huku filamu yenyewe inaendelea. Wenzao wa karibu ni Janus Films, wa tangu 1956, ambao waliwafikishia Wamarekani akina Bergman, Fellini na Kurosawa. Kabla ya Channel hii walikuwa kwenye FilmStruck pamoja na Turner Classic Movies. Ile ilianza Novemba 2016 na WarnerMedia wakaifunga Novemba 2018, miaka miwili tu, na wapenzi wa sinema wakalia kama waliofiwa. Channel ilipoanza bei yake ilikuwa dola 10.99 kwa mwezi. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kwa kitabu kimoja nisichokifungua.

Jambo la kwanza lililonifurahisha ni kwamba kuna mtu amekaa akachagua. Filamu zimepangwa kwa mwongozaji, kwa mwigizaji, kwa mada, na nyingi zina utangulizi au mahojiano. Huduma nyingine zinakubahatisha tu: umetazama hiki, basi tazama kile. Hapa unahisi umeingia katika chumba cha mwalimu anayependa somo lake. Tatizo ni kuwa chumba chenyewe hupunguzwa vitu kila mwezi. Kuna orodha ya filamu zinazoondoka mwisho wa mwezi, na mimi nimejikuta nakimbizana nayo usiku kama mtu anayewahi matatu ya mwisho. (MUBI, ambao ni wa tangu 2007, walikuwa wakali zaidi. Filamu moja mpya kila siku, ikae siku 30, kisha kwaheri. Mwaka 2020 wakalegeza kwa kuongeza maktaba.)

Usiku wa kwanza nikaweka Tokyo Story ya Ozu, ya 1953. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, na watoto hawana nafasi. Nilihofia Mama atalala. Kamera ya Ozu haina haraka, na imewekwa chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka. Baada ya dakika kama kumi Mama akasema, "Hawa wakaa chini kama sisi." Nina shahada ya uzamivu na nimesoma kurasa nyingi juu ya hiyo kamera ya chini, lakini sikumbuki aliyeanza na hilo. Watoto walipowapeleka wazee kwenye hoteli ya Atami ili wapate kupumua, akasema, "Wamewatoa nyumbani." Mimi nilikuwa nimeshamlipia nafasi kwenye basi la wazee, waende kutazama mji siku ambayo nina mikutano. Sikusema kitu. Kesho yake nilipiga simu nikaifuta.

Ila filamu iliyonifanya niandike haya ni Mandabi ya Sembène, ya 1968. Dieng ni mtu mzima wa Dakar, ana wake wawili na watoto wengi, kazi hana. Mpwa wake aliye Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000, na barua inaeleza mgawo: 2,000 zako, 3,000 za mama yangu, 20,000 niwekee. Kabla Dieng hajaziona hizo pesa, mtaa mzima umeshajua na deni dukani limeshakua. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe, na Dieng tarehe haijui.

Jina lenyewe ni la kutufurahisha sisi wa lugha. Ni neno la Kifaransa mandat, na mwishoni limevikwa bi ya Kiwolof, ile ya kuonyesha kitu kinachojulikana. Ndivyo nasi tulivyoichukua posta ya watu tukaifanya yetu.

Sasa, Mama hasomi Kiingereza, na maandishi ya chini katika Channel ni ya Kiingereza. Kwa hiyo nilikuwa natafsiri kwa sauti, kama wale jamaa wa vibanda vya video. Hapo ndipo nilipogundua upungufu ambao peke yangu nisingeuona. Filamu hii ina lugha mbili. Nyumbani na mtaani ni Kiwolof. Dirishani, kwa karani, Kifaransa kinaingia, na Dieng anakwama. Nusu ya dhuluma anayofanyiwa imo katika kubadilika huko kwa lugha. Lakini Kiwolof na Kifaransa vyote viwili hapa vimegeuzwa Kiingereza. Msomaji anasoma sentensi baada ya sentensi, zote laini, zote sawa, kama kwamba Dieng na karani wanaelewana ila karani ana roho mbaya tu.

Mama akaniuliza, "Mbona yuwaduwaa, na huyo amwambia kitu chepesi?" Swali zuri sana. Nikabadilisha njia. Dieng na wakeze niliwasemea kwa Kiswahili. Makarani wakitoa Kifaransa chao nikawasemea kwa Kiingereza, kile cha ofisini, cha puani. Mama akacheka, kisha akanyamaza. "Ala, kumbe ni hayo." Hakuhitaji tena maelezo. Yeye aliwahi kusimama katika dirisha kama hilo, ofisi nisiyoitaja, akisindikiza mtoto wa dadake aliyehangaishwa kwa miezi kwa ajili ya kitambulisho. Wakamtaka cheti cha babu. Babu aliyezaliwa lini, nani aliandika?

Na kulikuwa na maneno ambayo hayakunihitaji kabisa. Alhamdulillahi ya Dieng ilimfikia Mama moja kwa moja kutoka kinywani mwake, kabla mimi sijafungua changu.

Tulipofika kwenye barua ya mpwa, akaisimamisha filamu (rimoti alishaijua siku ya pili). "Nawe huandika vivyo hivyo. Za fulani hizi, za fulani hizi, za kisima weka." Nikajitetea kwamba siku hizi kuna Mpesa, tangu 2007, hakuna foleni ya posta. Akanitazama. "Na hiyo Mpesa wamsajili mtu bila kitambulisho?" Hapana, Mama. "Basi yale yale." Miaka yote nimefundisha kwamba Mandabi ni filamu juu ya urasimu baada ya uhuru. Kwa Mama ilikuwa filamu juu ya mtumaji: yule kijana wa Paris ambaye kwa nia njema kabisa ametuma karatasi inayomvunja mjomba wake, na yuko mbali, na atashangaa kwa nini pesa hazikugawanywa alivyosema. Sijui kama nitaweza kuifundisha tena kwa njia ile ya zamani.

Lawama za haki sasa. Criterion wenyewe wamejitahidi kwa Sembène. Toleo lao la Mandabi la 2021 lina utangulizi wa Aboubakar Sanogo na mazungumzo ya Boubacar Boris Diop na Marie Angélique Savané, yaani wamewauliza wenyewe. Picha ni safi mno, rangi za yale mavazi utadhani zimetiwa jana. Lakini tujiulize kwa nini Sembène yupo. Mandabi ilipigwa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa, na sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Ufaransa. La noire de… ya 1966 ilisafishwa upya chini ya World Cinema Project, aliouanzisha Scorsese 2007. Kilichopita katika maabara na hazina za Ulaya ndicho kinachotufikia kikiitwa sinema ya dunia.

Za kwetu je? Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya 1985, niliitafuta kwenye Channel nisiikute. Ninayo kwenye kanda ya VHS ninayofundishia, na kanda imechoka hadi nyuso zimeingia ukijani. Maangamizi ya Martin Mhando na Mulvihill, ya 2001, ambayo Tanzania iliipeleka Oscar, wangapi kati yetu tumeiona mara mbili? Filamu isiyo na nakala safi na mwenye haki anayejulikana haingii katika huduma kama hizi, iwe nzuri vipi. Mwaka 2017 Film Foundation, FEPACI na UNESCO walianzisha mradi wa kutafuta na kuhifadhi filamu 50 za Kiafrika. Hamsini tu, kwa bara zima, na kila aliyesoma Kifaransa ana orodha yake tayari mfukoni. Sisi wa Kiswahili tumeandika makala ngapi juu ya lugha katika filamu, na nani kati yetu amekaa akaandika maandishi ya chini ya Kiswahili kwa filamu moja ya Kiwolof? Mimi sijaandika. Nilifanya kwa mdomo, kwa mtazamaji mmoja, kwa kuwa kulikuwa na theluji.

Mama amesharudi. Wiki iliyopita akapiga simu: amewasimulia majirani ile ya wazee wa Kijapani, nao wataka kuiona. Nikamweleza kwamba Channel inapatikana Marekani na Canada tu. Akasema basi niweke simu karibu na tivii na niseme kama nilivyomsemea yeye. Jumamosi, saa nne asubuhi kwangu, saa moja usiku kwao, nikaanza. Walikuwa barazani, nasikia vikombe. Tulipofika pale mkwe Noriko, mjane wa mwana wao aliyekufa vitani, anapoomba ruhusa kazini ili awatembeze wazee, bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo msichana, yeye hana kwao?"

Nikaisimamisha filamu nifikiri.