Mahali pa Sifa katika Sentensi za Kiingereza

Mitihani ya sarufi ya Kiingereza hupenda kumtaka mwanafunzi aliondoe fungu la maneno lililokaa pasipofaa, alirudishe mahali pake. Katika "She bought a dress for the girl with red buttons" vifungo vimemwangukia msichana. Msemaji wa Kiswahili mara nyingi haoni kosa hilo, wala si kwa uvivu: katika lugha yake ngeli ndiyo mlinzi. Akisema gauni lenye vifungo, au msichana mwenye vifungo, kiambishi chamaliza shauri. Kiingereza hakina mlinzi huyo. Kazi hiyo huifanya mahali pa neno. Watunga maswali hawalielezi jambo hili, na huo ndio upungufu wao mkubwa. Ingefaa waanze na "mtoto wa mwalimu mgonjwa", ambapo majina yote mawili ni ya ngeli moja, na Kiswahili chenyewe hakisemi ni nani augua.

Juu ya neno "only" ukali wao wapita haki. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliwatetea wanaoliweka mbele ya kitendo pasipokuwa na utata. Hata hivyo aandikaye "I only arrived yesterday" hunyimwa alama kwa sentensi ambayo Waingereza huisema kila siku.