Nusu ya Kuonana: Juu ya Barua ya Nyumbani katika Nathari ya Kiswahili

Wahenga walisema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Methali hii hutajwa mara nyingi, na aghalabu hutajwa kama sifa tu: kwamba barua huliwaza moyo, na kwamba aliye mbali hakusahauliwa. Lakini maneno yake yana kipimo. Hayasemi kuwa barua ni sawa na kuonana, wala kuwa ni badala yake; yasema ni nusu. Yafaa basi kuuliza nusu hiyo ni ipi, na nusu ya pili iko wapi. Wahakiki wa nathari ya Kiswahili wamelipa swali hili nafasi ndogo, kwa kuwa barua ya mtu wa shamba kwa ndugu au rafiki aliye mbali huhesabiwa kuwa karatasi ya haja, si maandishi yenye fani yake.

Kudharauliwa huko ni jambo la ajabu, maana barua ni katika maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na wenzao, zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, Bara Hindi. Hizo ni barua za mambo ya utawala. Mwaka 1892 C. G. Büttner alitoa huko Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na barua zimo ndani yake. Lakini kitabu kile kiliwafaa kwanza wanafunzi wa Kizungu waliotaka kujifunza kusoma hati hizo. Gazeti la Msimulizi nalo, lililoanza kupigwa chapa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, liliwapa walimu na wanafunzi wa misheni waliotawanyika habari za wenzao wa vituo vya mbali. Basi utawala, darasa na misheni kila kimoja kilihifadhi barua zake. Barua ya nyumbani, iliyokuwa nyingi kuliko zote, haikuwa na mlinzi ila sanduku la nguo, na adui zake walikuwa mchwa na paa linalovuja.

Jambo la kwanza linalomchosha msomaji wa leo katika barua hizi ni wingi wa salamu. Barua ya kawaida ya katikati ya karne ya 20 huanza kwa salamu nyingi zimfikie mpokeaji popote alipo; kisha mwandishi husema kuwa yeye ni mzima wa afya, na kwamba hofu na mashaka ni kwa yule aliye mbali na upeo wa macho yake. Walimu wengi wameyacheka maneno haya, na vitabu vya kufundishia uandishi wa barua vimewahimiza wanafunzi wafupishe maamkizi, wafike upesi kwenye madhumuni. Shauri hilo lina maana kwa barua ya kuomba kazi. Kwa barua ya nyumbani ni kosa, nalo latokana na kutoitazama lugha yenyewe.

Maamkizi ya Kiswahili ni maneno ya watu wawili. Hujambo hungoja sijambo. Shikamoo hungoja marahaba. Hodi hungoja karibu. Hakuna upande mmoja uliokamilika bila wa pili. Watu wakionana uso kwa uso, jibu huja papo hapo, na hofu huondoka kabla habari hazijaanza. Mwandishi wa barua hana jibu hilo, na huenda asilipate kwa majuma au miezi. Afanyeje? Hutoa ule upande alio nao, yaani habari ya uzima wake, na upande asio nao huuita kwa jina lake: hofu. Kwa hiyo maneno yale hayakuwekwa ili kujaza karatasi. Yaeleza barabara hali ya mtu aliyeamkia na hajaitikiwa. Jibu likija nalo huanza kwa kusema kuwa barua imefika na yote yaliyomo yameeleweka, yaani kwanza hufunga maamkizi yaliyoachwa wazi. Hapo methali yaonekana kuwa ni maelezo ya fani: barua ni nusu ya kuonana kwa sababu ni nusu ya maamkizi.

Baada ya hayo hufuata orodha ya wanaosalimu: babu, bibi, baba, mama, shangazi, ndugu kwa umri wao, majirani, hata watoto wasiojua kusema. Mhariri mwenye haraka huikata orodha hii kwanza. Lakini aliyeko ugenini ndiyo aisomayo polepole, kwa sababu ni hesabu ya walio hai. Jina geni likitajwa mwishoni mwa watoto, amejua kuwa mtoto amezaliwa na ameitwa nani. Jina la bibi lililotajwa katika kila barua likikosekana katika hii, hahitaji kuambiwa zaidi. Mkwe aliyekuwa akitajwa karibu na mama akitajwa baada ya majirani, kuna jambo nyumbani. Yasemwa mara nyingi kuwa maneno ya desturi ni maneno yaliyokufa. Katika barua ya nyumbani ni kinyume chake: kwa kuwa desturi yajulikana na pande zote mbili, badiliko dogo kabisa lasikika. Pasipo desturi, kunyamaza kusingekuwa na maana.

Kisha huja habari za nyumbani zenyewe. Masika yamechelewa, mahindi ya bondeni yameungua na jua, nguruwe wameingia katika muhogo, mbuzi amezaa mapacha, paa la jikoni lavuja. Msomaji asiye wa nyumba ile huziona kuwa habari ndogo zisizo na mpango. Mpango upo. Mzazi hapendi kumwomba mwanawe waziwazi, wala mwana hapendi kuombwa mbele ya watu. Kwa hiyo habari ya paa husemwa bila neno la kuomba, na mara nyingi huwekwa karibu na habari ya furaha, kama ile ya mbuzi, isije ikaonekana kuwa malalamiko. Aliyeko mjini huelewa kuwa fedha za makuti au za bati zatakiwa. Fani hii ya kuomba kwa kueleza hali ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Barua iliyoandikwa vibaya hufunua haja mapema, au huificha mpaka isionekane. Barua nzuri huitaja mara moja tu, na huipa uzito kwa mahali ilipowekwa.

Yafaa pia ikumbukwe barua hizi zilipita mikononi mwa nani. Mtu wa Kigoma au wa Songea aliyekwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga aliacha nyumbani wazazi ambao wengi wao hawakujua kusoma. Barua ilipelekwa kwa mkono wa msafiri, au ilifika katika sanduku la posta la shule, la misheni au la duka, kisha ikasomwa kwa sauti na mtoto wa shule mbele ya jamaa na majirani. Jibu liliandikwa na mtoto huyohuyo. Mama alisema kwa Kiha au kwa Kingoni. Mtoto wa darasa la nne akaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyofundishwa kuandika. Hivyo kuna sauti mbili katika mstari mmoja. Maneno kama "mama asema" au "baba amesema nikuambie" ni alama za mahali mwandishi mdogo anaporudi nyuma ili mkubwa asikike. Na neno la kilimo au la ukoo lisilopatikana katika kitabu chake cha shule liliingia katika barua likiwa na sura ya lugha ya nyumbani. Mtaalamu wa lugha atafutaye namna Kiswahili kilivyokuwa nathari ya mashamba ya bara, mbali na pwani na mbali na ofisi, hana budi kutazama hapa.

Kusomwa mbele ya watu kuliweka mpaka juu ya yanayosemeka. Barua ya nyumbani haikuwa siri ya watu wawili. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, barua ya kijana kwa Rosa yaangukia mikononi mwa baba yake, na kipigo chafuata. Msomaji aliyekulia kijijini haoni ajabu kuwa barua imefunguliwa na asiyeandikiwa. Kwa sababu hiyo barua nyingi humalizika kwa kusema kuwa mengi yatazungumzwa mkionana. Hayo nayo si maneno matupu. Ndiyo mahali ambapo mwandishi aionyesha ile nusu ya pili: deni, ugomvi wa shamba, ugonjwa usiotajika. Msiba ulikuwa na kanuni yake. Mara nyingi tanzia haikuandikwa wazi kwa mtu aliye peke yake ugenini. Alipelekewa simu au karatasi fupi kuwa mzazi ni mgonjwa sana, aje upesi. Aliyeipokea mara nyingi alikwisha kujua, na walioipeleka walijua kuwa atajua, lakini njia yote alipewa nafasi ya kutumaini. Kuuita uficho huo uongo ni kuihukumu fani kwa sheria isiyo yake.

Kipimo kizuri cha hoja hizi ni kitabu cha Barua za Shaaban Robert 1931–1958, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barua zile ziliandikwa kwa nduguye, Yusuf Ulenge, katika miaka ambayo Shaaban, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kuhamishwa kutoka kituo hiki mpaka kingine. Ni kawaida ya wasomaji kukiendea kitabu hiki kwa ajili ya habari za miswada na wachapaji, na kuyaruka mambo ya ukoo kana kwamba ni makapi ya ngano. Lakini ndani ya barua mambo hayo mawili hayakutengwa, na mhakiki hana haki ya kuyatenga. Shaaban aliyemwandikia ndugu ndiye aliyetunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake. Na neno hati lenyewe lataja maandishi yanayotoka mkononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Utulivu wa nathari yake, na desturi yake ya kutanguliza heshima kabla ya hoja, vimetafutiwa asili katika mashairi na katika mafundisho ya dini. Asili hizo ni za kweli. Hata hivyo mtu aliyemwandikia nduguye kwa miaka zaidi ya 25 alikuwa na shule nyingine ya nathari, nayo ni hii.

Yaweza kujibiwa kuwa barua nyingi za nyumbani ni mbovu, na kwamba watoto wengi walinakili salamu bila kuzifikiri. Ni kweli. Tenzi nyingi pia ni mbovu, na hakuna aliyesema kwa ajili hiyo kuwa utenzi si fani. Linalotakiwa ni kipimo cha kutenga nzuri na mbaya. Barua mbaya ni ile ambayo salamu zake zingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote, na habari zake zingeweza kutoka kijiji chochote. Barua nzuri huyachukua maneno ya wote ikayatia mambo ya nyumba moja: shamba lile, mbuzi yule, bibi ambaye safari hii hakutajwa.

Leo simu ya mkononi imechukua kazi kubwa ya barua. Aliyeko mjini humsikia mama yake jioni ileile, na maamkizi yamerudishiwa upande wake wa pili. Hapana sababu ya kulilia jambo hilo. Mzazi aliyengoja jibu kwa miezi mitatu asingelilia. Lakini mazungumzo ya simu hayaachi karatasi, na wenye barua za zamani wazidi kupungua. Hapo uzembe wa wataalamu wawa hasara isiyolipika. Wakusanyaji wa miswada ya Kiswahili walifuata zaidi tenzi, na kazi yao yastahili shukrani. Ila utenzi ulikuwa na watu wa kuunakili kizazi baada ya kizazi, na barua ina nakala moja tu.

Kwa hiyo barua za nyumbani zitakapokusanywa, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuyasitiri majina yao, yafaa zichapishwe nzima. Salamu zisikatwe, orodha ya wanaosalimu isifupishwe ila majina yabadilishwe kwa utaratibu mmoja, na makosa ya mkono wa mtoto yasisahihishwe. Mhariri aeleze, kadiri ajuavyo, nani alisema, nani aliandika, nani aliibeba, na nani aliisoma kwa sauti. Na pale barua isemapo kuwa mengine yatazungumzwa mkionana, aulizwe aliyeipokea, kama yu hai na akiwa radhi, mengine hayo yalikuwa nini.